Saa ya Kufungua Haijafika

Masomo: Yona 1:1-16, Luka 15:11-32, 1 Petro 4:1-5

   

Leo tunataka kuzungumza juu ya picha moja.

Picha hiyo ilifika katika telefone zetu siku ya posho, katikati ya konje ya Pasaka, tukiwa tunajiandaa kwa mazoezi ya kwaya. Ilionyesha kijana wetu mmoja, anayesoma inivasite huko Uingereza. Alikuwa kati ya kundi kubwa la vijana, mgongo wao kwa bahari. Shati lake lilikuwa limechorwa-chorwa rangi. Mkono wa kuume uliinua kikombe cha plastiki. Macho alikuwa ameyafumba kwa kicheko. Chini ya picha mtu alikuwa ameandika: “Huyu si yule wenu wa kwaya?”

Kabla ya saa sita za mchana, picha ile ilikuwa imezunguka kanisa lote.

Lazima mjue kijana huyu ni nani kwetu. Ametupa ruhusa ya kusimulia habari yake, ila jina tunaliacha. Alikulia mikononi mwetu. Alijifunza kuimba katika shule ya watoto ya siku ya Mungu. Alipopata msaada wa kulipiwa sehemu ya minervali, kanisa lilichanga feza kwa ajili ya visa na tikiti ya ndege. Mwingine alileta dola ishirini, mwingine kuku, mwingine kikwembe kipya cha kuuza. Mama mmoja mjane, anayeuza maharagwe kwa kipimo cha kopo, alileta dola kumi zilizokunjwa ndani ya kitambaa. Tulikesha tukimwombea, na asubuhi tukamsindikiza.

Kwa hiyo picha ile ilituchoma. Tulikaa kikao, sisi wazee na sisi wa kipindi hiki, na kabla ya jua kuzama tulimtumia ujumbe. Tulimwambia ametutia haya. Tulimwambia jina lake limeondolewa katika orodha ya kwaya, na kwamba salamu zake hazitasomwa tena katika radio. Hatukumwuliza swali hata moja.

Alama ilionekana kwamba ujumbe umesomwa. Jibu halikuja. Halikuja mwezi wa tano, wala wa sita, wala wa saba.

Mahali penyewe

Wengine wenu mnauliza: alikuwa wapi? Mji ule unaitwa Salou. Uko Hispania, pwani ya jimbo la Katalonia, mwendo wa kilomita zaidi ya mia moja kutoka Barcelona ukielekea kusini. Ni bandari ya zamani. Mwaka 1229 mfalme Jaume I aliondokea hapo na merikebu zake kwenda kuteka kisiwa cha Mallorca. Leo ni mji wa mchanga, mitende ya mapambo, na hoteli zilizopangana kama vitabu.

Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, baridi inapoisha na majani kuanza kuchipua, maelfu ya wanafunzi wa Uingereza wanashuka Salou wakati wa konje ya Pasaka. Safari inaitwa ya michezo. Timu za kabumbu, za raga na za mpira wa magongo zinapanda basi na kupita Ufaransa yote, usiku na mchana. Wakifika, mchana wanacheza kidogo, na usiku wanakunywa. Wanavaa mavazi ya kuchekesha, wanatembea kundi kwa kundi kutoka baa moja hadi nyingine, mpaka alfajiri.

Kwa nini mji unawapokea? Mwezi wa saba na wa nane hoteli zinajaa familia. Lakini mwezi wa nne vitanda viko vitupu na bei iko chini. Mwenye hoteli anatafuta wageni, mwenye baa anatafuta wanywaji, mwenye basi anatafuta abiria, na mwanafunzi anatafuta safari ya bei ndogo. Wote wanakutana hapo. Wenyeji wengine wamelalamika mara nyingi juu ya kelele, matapiko na watu wanaotembea uchi barabarani. Wengine wanajibu kwamba hao wanafunzi ndio wanaowapa mshahara katika mwezi wa njaa. Tusiwacheke. Sisi pia tunajua kabare iliyo karibu na kanisa ambayo hatuisemi madhabahuni, kwa sababu mwenyewe anatoa sadaka nzuri.

Na madhara yake yanajulikana. Ng'ambo ya maji, katika visiwa vya Baleari, kuna miji kama hiyo, kwa mfano Magaluf. Huko vijana wanaanguka kutoka balkoni za hoteli, wengine wakijaribu kurukia bwawa la kuogelea, wengine wakitaka kupita chumba hadi chumba kwa nje. Madaktari wa Palma waliandika habari za majeruhi 46 waliopokelewa katika hospitali yao kati ya 2010 na 2015. Karibu wote walikuwa wanaume. Umri wa katikati ulikuwa miaka 24. Karibu wote walikuwa wamelewa. Mwezi wa kwanza wa 2020, serikali ya visiwa hivyo ilitunga sheria kwa sehemu zile: ni marufuku kuuza pombe mbili kwa bei ya moja, ni marufuku kuongoza makundi kutoka baa hadi baa, na anayeruka kutoka balkoni anafukuzwa hotelini. Faini inaweza kufika euro 600,000. Wapendwa, hiyo si serikali ya walokole. Haikufunga na kuomba. Ilihesabu tu maiti na majeruhi, ikaona.

Watu wawili waliotazama Hispania

Sasa fungueni Biblia. Bahari ile iliyo nyuma ya kijana wetu katika picha tunaijua, hata kama hatujaiona. Ndiyo bahari ya Yona na ya Paulo.

Yona aliposikia sauti ya Mungu ikimtuma Ninawi, alishuka Yafa akatafuta merikebu ya kwenda Tarshishi. Wataalamu wengi wanadhani Tarshishi ilikuwa upande wa Hispania, mwisho wa dunia kwa watu wa wakati ule. Na Biblia haisahau jambo dogo: Yona alitoa nauli kutoka mfukoni mwake. Hakuna anayemkimbia Mungu bure. Daima kuna nauli. Wanafunzi wale wanalipa ya basi, ya chumba, ya kikombe, kisha wengine wanalipa ile ambayo haikuandikwa katika karatasi ya safari.

Paulo naye alitamani kufika Hispania. Anawaambia Warumi jambo hilo mara mbili katika sura ya 15. Anataka kupita Roma, wamsaidie safari, aende mbele mpaka huko ambako Kristo hajatangazwa.

Watu wawili, bahari moja, nchi moja mbele yao. Mmoja amekimbia, mwingine ametumwa. Mchanga wa Salou haukuumbwa na Shetani. Swali la kumwuliza msafiri ni hili: nani amekutuma, na unamkimbia nani?

Sisi tulipoona picha, tulijibu haraka: huyu ni Yona. Na kweli, kwa sehemu, alikuwa Yona. Lakini tulisahau mwisho wa sura ile ya kwanza. Katika safari ya ukimbizi wa Yona, merikebu ilijaa watu wasiomjua Mungu wa Israeli, na kabla ya sura kuisha, watu hao walikuwa wamepiga magoti mbele zake. Mungu hakungoja mtumishi wake atengenezwe kwanza. Alimtumia akiwa bado katika tikiti ya makosa.

Alichotusimulia mwezi wa nane

Mwezi wa nane alipiga simu, si kwetu, bali kwa yule mama wa maharagwe. Mama akatuletea telefone kanisani na kuiweka juu ya meza, sauti ikiwa wazi. Kijana alisema polepole. Tunawapa aliyoyasema.

Alisema mwaka wa kwanza na wa pili alikataa safari hiyo. Wakati wa konje, nyumba ya wanafunzi inakuwa tupu. Wenzake wanarudi kwa wazazi. Yeye hana feza ya ndege ya kurudi Congo. Pasaka ya kwanza aliila peke yake, mikate na mayai, akisikiliza kipindi chetu kwa telefone na kulia. Pasaka ya pili, vivyo hivyo. Mwaka wa tatu mwenzake wa chumba cha jirani alimwambia: “Twende, usibaki hapa kama mfungwa.” Mwenzake huyo ndiye aliyempa koti katika baridi ya mwaka wa kwanza. Ndiye aliyemfundisha kupanda treni. Hakuwa adui aliyetumwa kumwangusha. Alimwita kwa upendo.

Akaenda. Usiku wa kwanza alikunywa. Usiku wa pili alikunywa zaidi. Hakutuficha. Picha tuliyoiona ni ya siku ya pili, jioni. Ujumbe wetu ulimkuta siku ya tatu mchana, kitandani, kichwa kikimwuma.

Usiku huo wa tatu alitoka na wenzake, lakini hakuweza kucheza. Aliacha muziki akaenda kukaa mchangani peke yake. Akatazama maji meusi. Akamkumbuka kijana mwingine wa kartie yetu, aliyekuwa naye darasa moja, aliyepitia njia ya Libya, na ambaye mama yake bado anamngojea. Ndugu, tangu 2014 watu zaidi ya 25,000 wamekufa au kupotea katika bahari ile wakijaribu kuivuka, na Waafrika ni wengi kati yao. Bahari ileile: upande mmoja watu wanacheza ndani yake, upande mwingine watu wanazama. Kijana wetu alituambia: “Nilijiona nimeketi ukingoni mwa kaburi la rafiki yangu nikiwa na harufu ya bia.”

Akainuka ili arudi hotelini kulala. Katika korido ya ghorofa yao akamkuta yule mwenzake, yule wa koti, amelala chali sakafuni. Wengine walikuwa wamempita. Mmoja alikuwa amempiga picha na kucheka. Alimwita, hakuitika. Alimfinya, hakusikia. Pumzi ilikuwa inakuja na kukatika, na midomo imeanza kugeuka rangi. Kisha matapiko yakaanza kutoka kinywani, naye bado amelala chali.

Hapa tunasimama kidogo katika hadithi, kwa sababu tunataka kila mzazi na kila kijana ajue jambo hili. Linaweza kuokoa mtu hapa kwetu pia, katika arusi, katika matanga, mahali popote.

Mtu akilewa mpaka hasikii anapoitwa, usiseme “mwacheni alale, itaisha.” Pombe aliyokunywa mwisho bado iko tumboni, na inaendelea kuingia katika damu hata akiwa amelala. Ini linaisafisha polepole sana, na hakuna kitu cha kulifanya liende mbio. Kahawa haisaidii. Maji ya baridi hayasaidii, tena yanaweza kumdhuru. Usimtapishe kwa nguvu. Mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa mbele, kinywa kimeelekea chini kidogo ili matapiko yatoke nje, yasirudi kwenye njia ya pumzi. Mfunike apate joto. Usimwache peke yake hata dakika moja. Tafuta msaada wa hospitali. Katika nchi za Umoja wa Ulaya namba ni 112, na kuipiga ni bure. Ninyi mlio na watoto huko, waandikieni namba hiyo leo.

Kijana wetu alikuwa amejifunza hilo zamani, katika mafundisho ya huduma ya kwanza, hapahapa kwetu. Akamgeuza mwenzake ubavu. Akasafisha kinywa chake kwa shati lake, lile la rangi. Akapiga 112. Akakaa sakafuni akimshika bega, akaomba kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa sababu sala haikumjia kwa lugha nyingine. Gari la wagonjwa lilifika, likawapeleka wote wawili hospitalini Tarragona, mji ulio jirani. Kati ya wale wote waliosafiri pamoja, yeye peke yake ndiye aliyekaa katika kiti cha hospitali mpaka asubuhi.

Na mfukoni mwake, katika telefone, ulikuwa ule ujumbe wetu. Alisema: “Nilitaka kuwapigia muombe pamoja nami. Kisha nikakumbuka mliyoniandikia.”

Wapendwa, maneno hayo tuliyasikia tukiwa tumezunguka meza. Hakuna aliyeinua kichwa.

Askofu aliyekataa kikombe

Asubuhi daktari alisema hatari imepita. Kijana wetu akatoka nje kutafuta hewa, akatembea bila kujua anakokwenda, akafika mahali pa mawe ya kale, mviringo mkubwa wa ngazi za mawe unaotazama bahari. Tarragona ulikuwa mji mkubwa wa Warumi, jina lake Tarraco, na pale ndipo watu walipoketi kutazama michezo ya kuuana. Katikati ya uwanja aliona misingi ya kanisa la zamani. Akajiuliza: kanisa katika uwanja wa mauaji, kwa nini? Akasoma habari zake.

Mwaka 259, wakati wa kaisari Valeriano, askofu wa mji ule, Fructuosus, pamoja na mashemasi wawili, Augurius na Eulogius, walikataa kuabudu miungu ya kaisari. Walichomwa moto wakiwa hai katika uwanja ule. Baadaye Wakristo wakajenga nyumba ya sala juu ya mchanga uliopokea majivu yao.

Kumbukumbu ya kale ya kanisa inasimulia jambo moja dogo juu ya asubuhi ile. Fructuosus alipokuwa akipelekwa uwanjani, ndugu waliompenda walimletea kikombe cha divai yenye viungo, apate nguvu kidogo kabla ya moto. Siku hiyo ilikuwa siku ya kufunga. Askofu hakuwakemea. Hakusema kikombe ni cha Shetani. Aliwaambia tu kwamba saa ya kufungua bado haijafika. Aliamini kwamba mfungo ule angeufungua mbinguni, pamoja na waliotangulia.

Jifikirieni. Dakika chache kabla ya kufa! Nani angemhesabia dhambi? Lakini mtu huyu alikuwa na saa yake. Alikuwa na miadi. Alijua meza yake iko wapi na nani anamngojea pale.

Kutoka uwanja ule mpaka Salou ni kilomita kama kumi tu. Vikombe vingapi vinainuliwa huko kila mwaka wakati wa Pasaka! Na kikombe kimoja kilichokataliwa bado kinakumbukwa, karibu miaka 1,800 baadaye.

Tunajifunza nini?

Jambo la kwanza ni kwa vijana. Petro anasema waliokuwa wenzetu wanashangaa wakiona hatukimbii tena pamoja nao katika mafuriko ya ulevi na uasherati, na kwamba wanatutukana. Hilo ni kweli, linatokea. Lakini mara nyingine kikombe hakiletwi na mtukanaji. Kinaletwa na rafiki, kwa upendo, kama kile cha Fructuosus, kama ule mwaliko wa Salou. Na hicho ni kigumu zaidi kukikataa, kwa sababu unaogopa kumwumiza aliyekupa koti. Kijana, ukijua tu neno “ni marufuku,” siku ya tatu utachoka kulisema. Mwenye miadi ndiye anayeweza kukataa bila kelele na bila kiburi. Uwe na saa yako. Ujue unakwenda kufungua wapi. Ndipo utaweza kumpenda rafiki na kuacha kikombe chake mezani, na yeye akilala korido utakuwa na macho ya kumwona.

Wala usiseme Salou iko mbali, hayakuhusu. Siku matokeo ya egzameni ya Taifa yanapotoka, si tunawaona wafinaliste barabarani, wamemwagiana poda nyeupe kichwani, wamejaa juu ya pikipiki, chupa zinapita kutoka mkono hadi mkono? Furaha ya kufaulu ni halali. Tumshukuru Mungu kwa hiyo. Lakini wangapi kati yao jioni ile wamelala chali bila mtu wa kuwageuza?

Jambo la pili ni kwa wazazi na kwetu sisi viongozi. Tumezoea kuhubiri Luka 15 tukimtazama mwana mdogo: nchi ya mbali, mali iliyotapanywa, nguruwe. Tunapenda sehemu ile. Lakini jiulizeni: mwana yule alijuaje kwamba anaweza kurudi? Katika nchi ya mbali, njaa ikimshika, alikumbuka nyumba ya baba kama nyumba yenye chakula hata kwa watumishi. Alikumbuka mkate. Mtoto wetu alipokumbuka nyumba, alikumbuka nini? Ujumbe wetu. Tulikuwa tumempelekea sauti ya kaka mkubwa, na kuiita sauti ya Baba.

Hatusemi dhambi isikemewe. Alikunywa, naye mwenyewe amesema ni dhambi, na ametubu mbele ya Mungu bila kulazimishwa. Kanisa lina haki ya kurudi watoto wake. Lakini kabla ya kumhukumu Adamu, Mungu mwenyewe alianza na swali: alimwita akamwuliza yuko wapi. Sisi tulianza na hukumu, na swali hatukulifikia. Wengi wenu mna watoto walio mbali, India, Uturuki, Ulaya, au Kinshasa tu na Lubumbashi. Umempigia lini kumwuliza anakula na nani siku ya Pasaka? Tulichanga tikiti ya kumpeleka. Hatukuchanga dakika kumi za simu kwa siku ya sikukuu. Nyumba tupu ya wanafunzi ilimsukuma kwenda Salou kuliko pombe.

Jambo la tatu tulifundishwa na mama wa maharagwe. Kijana alipomaliza kusimulia, chumba kilikuwa kimya. Mzee mmoja kati yetu akaanza kusema kwamba feza za kanisa hazikutolewa kwa mambo kama hayo, na kwamba wajane walijinyima. Mama akamkatiza. Akasema: “Mzee, mjane ni mimi. Ile feza nilitoa asome. Sikutoa niwe polisi wake.” Kisha akainama karibu na telefone na kuuliza: “Mwanangu, yule mwenzako alipona?”

Ndugu, tulikuwa watu saba katika chumba kile. Wachungaji, wazee, watangazaji wa Neno. Tulikuwa tumesikia habari ya mtoto wa watu aliyekaribia kufa sakafuni, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza habari zake. Tulikuwa bado tunahesabu dola zetu. Mama ndiye aliyeuliza.

Alipona. Alirudi masomoni. Kijana wetu alisema kwamba baada ya siku nyingi mwenzake alimwuliza: “Usiku ule nilisikia mtu akisema-sema juu ya kichwa changu, kwa lugha nisiyoijua. Ulikuwa unasema nini?” Akamweleza. Hatuna la kuongeza hapo. Hatutawaambia ameokoka, kwa sababu hajaokoka bado. Tunaomba juu yake kila siku ya Mungu, kwa jina lake.

Na sisi tulimwomba kijana wetu msamaha, hapo mezani, kupitia telefone. Si wote waliridhika, tuseme ukweli. Mzee mmoja alitoka bila kuaga, na tunaendelea kuzungumza naye kwa upole, maana Baba wa Luka 15 alitoka nje kumsihi kaka mkubwa pia. Jina la kijana limerudi katika orodha. Salamu zake mtazisikia tena katika kipindi cha jioni. Na tumeamua kitu kimoja: Pasaka ijayo, kila mtoto wa kanisa aliye mbali atapigiwa simu na nyumba mbili tofauti. Majina yako kwa katibu. Njoo uchukue la kwako.

Tuombe.

Baba yetu, tunakushukuru kwa sababu bahari zote ni zako. Wakumbuke watoto wetu walio katika nchi za mbali, katika vyumba vitupu na katika makundi yenye kelele. Wape saa yao na miadi yao, wajue meza yao iko kwako. Wafariji wamama wanaongoja watoto ambao maji yaliwachukua. Utusamehe sisi tuliofunga mlango kwa haraka. Tupe kwanza swali, kisha machozi, na mwisho neno. Na mtu akilala njiani mbele yetu, mgeni au mwenyeji, mlevi au mzima, utupe kuinama na kumgeuza. Katika jina la Yesu. Amina.